Chupa za Godomey

Miaka kumi na mmoja nilinunua kwake.
Chupa za kijani, chupa nyeupe, na lile dumu la kioo
lenye tumbo la mja mzito,
zote juu ya meza ya mbao, jua likipenya ndani
mpaka petroli ikawa na rangi ya asali.
"Leo unalipa au unaimba?" Dossi huniuliza,
faneli mkononi, kitambaa cha kuchujia begani,
nami huimba.
Deni huandikwa kwa mkaa ukutani.

Kisha wakaleta kabati.
Kabati la chuma, refu kuliko mlango,
vijumba ishirini, kila kijumba na taa yake:
nyekundu, subiri; kijani, chukua.
Wakalisimamisha ng'ambo ya barabara, uso kwa uso naye.
Hatua thelathini na nne. Nimezihesabu.

Siku nilipopata pikipiki ya umeme, kwa mkopo,
nilipita njia ya nyuma.
Haikunguruma, na hilo ndilo lililoniumbua:
zamani alinijua kwa mlio kabla ya sura,
sasa nanyemelea
kama paka aliyebeba samaki wa jirani.

Betri ina uzito wa mtoto wa miaka miwili.
Unaichomoa chini ya kiti ingali na joto,
unaisukuma kijumbani, tak,
nyingine inatoka, baridi, imeshiba.
Dakika mbili. Yelian, binti wa zamu, hata hainui macho.
Mashine haikopeshi. Mashine haitaki wimbo.

Jumamosi umeme ulikatika mtaa mzima.
Tulikaa ukingoni, wanaume sita wenye fulana za njano,
tukizikodolea taa nyekundu
kama wagonjwa wanaongoja kuitwa majina.
Tohou akanong'ona, "Chupa haikatiki."
Hakuna aliyecheka.

Ndipo Dossi akavuka,
sinia kichwani, na juu ya sinia, chupa.
Nikajua amekuja kutusimanga.
Kumbe karanga,
karanga za kukaanga, zimejaa hadi shingoni,
maana mtu anayesubiri, alisema, lazima atafune kitu.
"Chupa ni mpya," akaongeza, wala hatujauliza.
"Zile za zamani nimeziosha kwa ndimu, kwa majivu, kwa mchanga.
Harufu haitoki."

Akanitazama. Akaitazama pikipiki.
"Dawa ya deni," akasema, na hakumalizia.

Nikalipa. Faranga elfu nne na mia mbili,
deni la petroli, kwa pesa ya umeme.
Akazihesabu noti mara mbili, akazikunja,
akanimiminia karanga viganjani, polepole,
bila kuangusha hata moja.
Mkono uliozoea kumimina.

Nyuma yetu kitu kikaguna ndani ya chuma.
Kijumba cha tisa kikawasha kijani,
kimoja tu,
nasi tulikuwa sita, midomo imejaa.