Laini

Chini ya mwavuli wa kampuni, Kirumba, upande wa dagaa,
nauza neno moja mchana kutwa.

Babu alilikuta relini. "Tunakaa Laini," alizoea kusema:
vyumba kumi na viwili, bati moja refu,
choo kimoja, na kila behewa likipita sufuria zinaitikia.
Kwake lilikuwa anwani.
Kwa mdogo wangu Ng'wandu ni chaki iliyofifia uwanjani,
mpira umevuka, haujavuka, watu wanashikana mashati.
Kwa shangazi ni khanga iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake.
Mwalimu mmoja, mteja wangu, akasema hilo la shangazi si la babu:
moja la Mwarabu, jingine la Mwingereza,
yamekutana tu huku kwetu yakavaa shati moja.
Sawa, mwalimu. Vocha ya buku au ya jero?

Jumanne akaja Nyanzobe Luhende,
mabuti meupe miguuni, harufu ya klorini imemtangulia.
Miaka kumi na saba yuko laini, kiwanda cha minofu:
sangara anaingia mzima,
anatoka mweupe, mraba, hana jina.
Mwezi huu mshahara unalipwa kwa simu,
kwa hiyo anataka laini.

"Weka dole gumba, mama."
Taa nyekundu.
Akapangusa kwenye sketi. Nyekundu.
Cha shahada, cha kati, cha pete, mpaka kile kidogo
cha kuchokonolea sikio.
Mkono wa pili. Nyekundu, nyekundu.
Jirani yangu wa viazi akasema paka majivu.
Wa maji akasema limau.
Tukapaka vyote.

Nikaushika ule mkono, nikaugeuzia juani.
Hakuna kitu. Barafu na kisu na dawa vimepita humo
vikafuta kila kijia,
kama kipande cha chupa kilichochezewa na ziwa
hadi hakikati tena.
Laini.
Nilitaka neno jingine. Sikuwa nalo.

Akacheka, meno yote nje: "Kumbe wao ndio walikuwa wananichuna mimi!"
Kisha, taratibu: "Kisigino hamsomi?"

Nikamwambia aende ofisi kubwa, mjini, kuna mashine nyingine,
awahi, laini ya watu huwa ndefu.
Nilimwambia kwa sauti laini,
ile tunayoitumia pale hapana inapotushinda kutamka.
Akarudisha kitambulisho kifuani.
Zamu yake inaanza saa nane.

Kwenye kioo cha mashine lilibaki gamba,
labda lilikuwa limenata kwenye sweta.
Nikaliinua kwa kucha, nikalitazama kwenye mwanga:
mistari,
duara ndani ya duara ndani ya duara.