Asicheke Mtu

Kazi yangu ni sauti.
Nashika mti mrefu wenye maiki ya manyoya,
nimevaa hedifoni za kukodi,
namsikia nzi kabla hajatua.
Basi nitakayosema, mengi niliyasikia mwenyewe.

Kenga Mwaringa alianzia matangani.
Muyeye, siku ya tatu, watu wamechoka kulia,
akasimama akamwigiza marehemu
akikataa kulipa deni la mnazi,
jicho moja kalikodoa, jingine kalifumba,
hata mjane akaanguka jamvini kwa kicheko.
Walimlipa sahani ya wali na paja zima la kuku.
Alikuwa na miaka kumi na sita.

Kisha hotelini, kila Jumatano,
baada ya watu wa sarakasi, kabla ya keki,
dakika kumi na mbili za Kiitaliano cha kuokota ufuoni.
Wageni walicheka alipokosea,
alipopatia walikunywa maji.
Akajifunza kukosea kwa hesabu.

Kisha Mombasa, Nairobi, taa,
suruali ya njano, jina kwenye bango,
na kichekesho kimoja kilichoezeka mabati nyumba ya mamake:
ni yeye huyo mama, Mbodze,
anavyoongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.
"HALOO! UMEKULA?"
Watoto wa Maweni waliikariri nyuma yake
akienda sokoni na kikapu.

Jioni moja anachambua mchicha,
uso hakuuinua:
"Mwanangu, wamecheka wote.
Mimi kwenye hadithi hiyo
nacheka saa ngapi?"

Mtu aliyekula kwa kujibu
hakuwa na jibu.
Mwezi ule suruali ya njano iliuzwa.

Sasa ni mwongozaji. Kiti chake ni cha plastiki,
mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya makumbi.
Tunapiga sinema uani kwa shangazi yake:
mzee anajifanya amekufa ili asilipe deni,
lile lile la matanga, limekua, limeota ndevu.
Sheria ni moja: asicheke mtu.
Kicheko kikiingia kwenye maiki tunarudia,
na betri tunazo mbili.

Aliyeteseka ni yeye.
Jumwa, muuza mahamri, hajaigiza maishani,
kaambiwa alie. Akalia. Akanyamaza.
Akafunua sufuria, akaonja, akaongeza chumvi,
akarudi kulia pale pale alipoachia.
Hayakuandikwa hayo.
Masikioni mwangu nikasikia koo la Kenga likimeza,
pumzi ikimtoka puani kwa mafungu,
meno yakitafuna ukosi wa shati.
"Kata," akasema, taratibu,
kama mtu aliyebeba maji.
Zamani angemnyang'anya mama wa watu ile sufuria.

Halafu zamu ya Mbodze.
Neno lake lilikuwa "poleni," basi, apite.
Bodaboda zimenyamaza, adhana bado kidogo.
Akaingia, akamtazama maiti, akamzunguka,
akatoa simu kifuani mwa kanga
akapiga.
Simu ikalia ndani ya sanda.
"HALOO! UMEKULA?"

Na maiti, maskini, akajibu: "Bado."

Aliyevunja sheria ni mwenye sheria.
Kenga alicheka hadi kiti kikamwacha,
kamba ikakatika, yeye chini, miguu juu,
na mamake, mkono kinywani, kisha mkono hakuna,
akacheka akimwelekeza kidole.

Tulirudia mara tano. Zote safi, zote baridi.
Akaniambia, ile iliyoharibika, futa.
Nikaitikia kwa kichwa. Sikufuta.
Kwenye daftari langu la sauti, ukitaka kuona,
nimeandika kwa kalamu ya risasi:
Mbodze, saa tisa na dakika arobaini na moja.