Kifuniko

Pejo ya Mwalimu Zihindula inazimika
dakika ishirini baada ya kuwaka.
Si kumi na tisa. Nimehesabu kwa saa ya simu.
Inakaa kando kama mbuzi aliyegoma,
inapoa,
halafu inawaka kana kwamba hakuna lililosemwa.

Miezi mitatu amezunguka nayo.
Kule Kadutu walimuuzia bobini.
Panzi, pompi ya esansi na bujii nne
zikiwa bado na karatasi zake.
Mwingine aliifungua kabureta, akaiosha, akaifunga,
akabakiwa na skrubu moja mkononi,
akaitia mfukoni bila neno.
Mshahara wa chaki wote umeishia humo.

Patroni wangu, Nabintu, hakufungua boneti.
Alifuta mikono kwa kipande cha suruali
akauliza: "Inazimika vipi?
Kama taa, pu?
Au kama mtu anayesinzia kanisani?"
Mwalimu akafikiri. "Kama anayesinzia.
Anatikisa kichwa kwanza."
"Basi si umeme. Umeme hausinzii.
Hii ni njaa."
"Njaa? Tangi limejaa!"
"Nimesikia."

Tukaipeleka mlimani, mimi nyuma
nimekalia gurudumu la akiba,
mvua ikichungulia kutoka upande wa ziwa.
Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Ya tatu ikatikisa kichwa,
ikakohoa, ikanyamaza.
Nikaruka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi;
Bukavu, jiwe ndiyo breki ya mkono
ya kila gari lenye umri.

Nabintu akatembea hadi kwenye tangi.
Kifuniko si cha Pejo.
Cha Pejo kiliibwa Krismasi
pamoja na lita kumi.
Mahali pake, kizibo cha bidoni la mawese
kimebanwa kwa mpira wa baiskeli,
kimefungwa na mtu mwenye hofu.
Akakisokota.

Fyuuuuu.

Tangi likavuta pumzi
ndefu, kama mtoto aliyetolewa majini.
Akawasha. Ikawaka.

"Esansi ikitoka, hewa lazima iingie.
Umemziba mwizi, umeziba na pumzi."
Akaniomba msumari mwembamba,
akatoboa kizibo tundu moja
la kupita siafu mmoja, tena kwa ruhusa.

Nilidhani Mwalimu angefurahi.
Alitazama lile tundu, akakumbuka bobini, akatazama tundu.
Alitaka ugonjwa wenye jina,
kitu kizito cha kufunga kwenye gazeti
akamwonyeshe mkewe: huyu ndiye alikula ada za watoto.
Tundu halibebeki.
Akauliza, kwa sauti ya chini,
kama hata hivyo tunaweza kubadilisha kitu.

Ndipo Nabintu akafungua boneti,
akapapasa, akakuta kwenye kabureta
mahali pa skrubu pasipo na skrubu.
Akatia moja kutoka kopo letu. "Na hii."
Faranga elfu mbili. Mwalimu akalipa upesi,
karibu kwa shangwe.

Akapanda. Sisi tukateremka kwa miguu
kuelekea mtaa wetu, Esansi,
mvua ikitugonga mabega.
Nilikuwa bado nimeshika simu.
Kona ya nne niliisikia.
Ya tano siijui, gari lile halijawahi kuifika mbele yangu.
Kumi na tisa. Ishirini.
Ishirini na moja, mlima kimya,
na kimya hakikusema ni kipi.
Nikasimama kusikiliza.
Nabintu alishavuka barabara,
anauliza bei ya mahindi.