Sifuri Hadi Tatu

Ras al-Hadd. Swali la kwanza: sheria ipo?
Ipo, na muhuri wake. Natia tatu.
La pili: mipaka ya hifadhi yajulikana?
Mlinzi Muhanna anakuna ndevu.
Boya la kaskazini lilikatika mwezi wa Shaabani;
tunalikuta uani kwa Sulayyim,
mbuzi wawili wamejilaza kivulini mwake.
Natia moja. Sulayyim ananimiminia kahawa,
naona haya, natia moja na nusu,
ingawa fomu haijui nusu.

Boti ya doria? Ipo, mpya, ina mashine mbili,
imefunikwa turubai tangu ilipoletwa.
Petroli yangoja saini ya Maskati.
Ipo: tatu. Kama inakwenda, hawakuuliza.

Alfajiri Thuwaiba anapita na daftari.
Anasoma mchanga: huyu kasa alipanda akataga,
huyu alipanda, akamulikwa na taa za gari, akarudi.
Miaka tisa, bila mshahara,
kila usiku mstari mmoja, kalamu ikikauka, makaa.
Namtafutia kisanduku kwenye fomu.
Hakuna.

"Basi andika ya jana," ananiambia,
kwa Kiswahili cha bibi yake wa Chake Chake:
"kumi na mmoja walipanda, wanne wakataga."

Ukurasa wa mwisho. *Maoni mengine, mistari miwili.*
Wa kwanza nampa yeye.
Wa pili sijaujaza, Muhanna kishawasha gari:
twende tukalichukue lile boya.
Sulayyim amesimama mlangoni,
anataka kwanza tumwambie
mbuzi watalala wapi.