Mikono Ndani ya Sinia

Jumanne nagawa unga Moroto,
pakiti moja kwa kila mtoto daftarini.
Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu;
kwa Mbodze ulikaza hadi nyekundu.

"Wangapi, mama Mbodze?"
"Watano."
Daftari lasema wanne.

Mlango wao gunia. Lilipopepea
nikaona sinia, sima, maji ya chumvi.

Kalamu ikasita. Akanitazama
kama mtu anayengoja mgeni amalize kunawa.
"Wa tano ni wa jirani.
Mamake kalazwa Makadara, wiki ya pili sasa.
Kwani njaa ina ubini?"

Nimeandika watano.
Ofisini nako kuna kalamu nyekundu.
Wakiuliza, nitasema sikuhesabu watoto;
nilihesabu mikono ndani ya sinia.