Ombi la Kuku Sita

Kaa kitini, Kidawa, viatu nikuvulie,
Chai ipo ya maziwa, tangawizi niitie,
Najua umechelewa, ila neno nikwambie:
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Usinitolee macho, usikiweke kikombe,
Nakijua usemacho: ua letu si la ng'ombe,
Nami sina la kificho, acha kwanza nikuombe,
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Watatu nilipoleta, uliapa kwa Manani,
Ukasema nimepata kichaa cha uzeeni,
Leo yai ukikuta, waliweka mfukoni.
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Kuna banda Nanitoni la kuku wa mkataba,
Wamekaa vizimbani miezi kumi na saba,
Leo hawana thamani, mayai yao ni haba,
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Jumamosi wagawiwa, bure, hapana malipo,
Na asiyechukuliwa, gari la buchani lipo,
Shingo zimenyonyolewa, manyoya hata hayapo,
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Nazijua taa, mimi, hizo zisizozimika,
Ghalani, saa ya kumi, masanduku nayashika,
Kuku nao hawasemi, jua halijawafika.
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Utasema Bi Dorini, jirani, hatanyamaza.
Nampa tangu zamani mayai ya kumpoza,
Jana kaja ukutani, "Yamekwisha?" auliza.
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Mbweha nilimzibia kwa waya, chini kwa chini,
Usiku hukaribia, akanusa mlangoni,
Kisha huenda kulia mapipani kwa jirani.
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Harufu nitafagia, mvua hata ikinya,
Na Koventri, nakwambia, mbingu haichoki kunya,
Mbolea nitafukia kwenye mchicha na nyanya,
Kidawa, nipe ruhusa, tuongeze kuku sita.

Naona limekunjika paji lako. Sita wengi?
Nami nitateremka, sitaki maneno mengi,
Ubao nimeuweka wa banda, na nina rangi,
Kidawa, nipe ruhusa, basi kuku watatu tu.

Na lipo nililoona, theluji ilipotanda,
Usemaye moyo huna wa vya mabawa kupenda:
Goti chini, umenuna, kandambili, penye banda.
Kidawa, nipe ruhusa, basi kuku watatu tu.

Wifi alipougua, yule mdonoa kucha,
Shali yako ukavua, ukakaa naye kucha,
Ukanena, nikajua, lugha uliyoificha,
Kidawa, nipe ruhusa, basi kuku watatu tu.

Maneno yenye huruma, ya Makunduchi, ya kale,
Tangu mazishi ya mama hukumpa mtu yale.
Birika likanguruma, nimeganda palepale.
Sikuwahi kukwambia; leo limenitoroka.

Sasa sisemi habari ya mayai wala nyama.
Hakuna tena kwaheri, watoto walishahama,
Lakini kila fajiri bandani wanatusema.
Kidawa, nipe ruhusa, basi walau wawili.

Umecheka? Hujacheka, chai imekupalia.
Mbona nawe wainuka, na nyuma waangalia?
Sanduku likigutuka, tafadhali, vumilia,
Kidawa, nipe ruhusa: mmoja kishaingia.

Hana unyoya shingoni, leo kaliona jua,
Akasita majanini, mguu akiinua.
Njoo, kuna shali ndani, yako; kesho nitafua.
Kidawa, mpe ruhusa; hajapewa hata jina.