Kina cha Mikwaruzo

Chiromo, saa sita usiku. Feni ya kompyuta inahema.
Kwenye skrini nimechora ukuta wa mtungi
na bakteria mia nne, kila mmoja punje ya hesabu.

Anagusa, anaachia. Anagusa, anaachia.
Maji yanamsukuma, chaji za ukuta zinamkataa.
Kisha mmoja anakaa.

Mgeni siku mbili, tulifunzwa, ya tatu mpe jembe.
Huyu hangoji kupewa:
anamwaga ute, anajenga, anaita ukoo.

Nabadilisha namba moja tu, kina cha mikwaruzo,
narudia.
Wanajaa humo kama wapangaji wa Pipeline,
mlango kwa mlango.

Mkono wangu unaganda juu ya kibodi.
Kila Alhamisi, maji yakifika Kayole,
mama hutia kokoto kwenye mtungi wa manjano,
huutikisa hadi jasho limtoke.
“Safi,” husema, akiupiga kikofi kama mtoto aliyeoga.

Kokoto zile, mama.
Miaka ishirini umekuwa ukiwachimbia vyumba.

Stima inapotea. Wote mia nne wanazimika.
Gizani natafuta neno la kumwambia
lisilokwaruza.